Mashine ya kupasulia mbao ikisumbua: anza na jino, malizia na mota

Ukipita Keko, Dar es Salaam, siku ya kazi, malalamiko kuhusu mashine za kupasulia mbao yanafanana: inaunguza, inakwenda upande, inatetemeka, haina nguvu kama zamani. Hukumu nayo huwa ni moja: "mota imechoka." Mota inafunguliwa, inapelekwa kuwaindiwa (kusukwa upya nyaya za ndani), fedha zinatoka, na mashine ikirudi inaunguza mbao vilevile. Inakuwa hivyo kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye meno, au kwenye fensi (ukingo mnyoofu ambao mbao huegemea ikipasuliwa), au kwenye waya mwembamba uliovutwa kutoka chumba cha pili.

Mota ndiyo kitu cha mwisho kushuku. Kwa kila dalili hapa chini, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi usio na gharama umewekwa mbele. Ufuate mpangilio huo bila kuruka. Neno "mashine" hapa ni meza nzima na kila kilichofungwa chini yake. "Msumeno" ni ile sahani ya duara yenye meno.

Kabla ya kuingiza mkono

Chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kama mashine imeungwa moja kwa moja ukutani, zima meni swichi, na kama ni ya fyuzi, ng'oa fyuzi ukae nazo mfukoni mpaka umalize. Dar umeme hukatika na kurudi bila kuaga, na LUKU ikiisha mwenzako anaweza kuingiza tokeni akiwa chumba kingine wakati wewe umeshika meno. Subiri msumeno usimame wenyewe. Usiukandamize na kipande cha mbao ubavuni ili usimame haraka, maana ndivyo sahani inavyopinda.

Glovu vaa unapotoa au kufunga msumeno uliosimama. Msumeno ukizunguka, vua: glovu ikinaswa na jino inavuta mkono wote.

Vifaa vya kutosha: skwea (guniya), rula ya chuma, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), spana za mashine, brashi, kalamu nene ya wino, tochi na mshumaa mweupe.

Mbao inaungua, mkato unatoka mweusi, moshi unafuka

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Kabla ya kufanya lolote, tazama weusi uko upande gani.

Ukiwa pande zote mbili za mkato, shuku msumeno. Ukiwa upande ule tu uliokuwa umeegemea fensi, shuku fensi. Uchunguzi huu wa nusu dakika unakuokoa na kazi ya siku nzima.

*Utomvu umeganda kwenye meno.* Paini inayoshuka kutoka Mafinga mara nyingi huingia mjini ikiwa bado mbichi, na utomvu wake unashika kwenye meno na ubavuni mwa sahani. Msumeno unakuwa mnene kuliko mfereji unaouchimba, unasuguana na mbao, unapata moto. Utoe, uulaze kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kwa dakika 10 hadi 15, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usitumie brashi ya waya wala kisu. Suuza, kausha papo hapo, pitisha kitambaa chenye mafuta membamba, kisha futa. Mafuta ya taa nayo yanafanya kazi, ila fanya nje, mbali na moto na sigara, na msumeno ukauke kabisa kabla ya kurudi mashineni.

*Msumeno ni butu.* Geuza jino la kabaidi (lenye ncha ya metali ngumu iliyobandikwa) kwenye mwanga wa tochi. Makali mazuri hayarudishi mwanga. Makali yaliyokufa yanaonyesha kamstari keupe kanakong'aa kwenye ncha. Dalili nyingine ni unga: msumeno mkali ukipasua unatoa chembe unazozihisi kwenye vidole, ule butu unatoa vumbi kama la unga wa ngano. Zingatia aina ya mbao unayopasua. Mtiki una silika ndani yake, na mnazi unayo pia. Mvule wakati mwingine huficha vijiwe vya chokaa. Fundi anayepasua mnazi akitarajia msumeno udumu kama kwenye paini atamlaumu muuzaji bure. Mbao za mitumba na zile za kufungia mizigo zina misumari. Zikague kwa sumaku kabla hazijagusa meza.

Msumeno wa chuma tupu unanolewa kwa tupa. Wa kabaidi hauguswi na tupa. Unapelekwa kwa mnoaji mwenye jiwe la almasi. Ukiona ufa unaoanzia kwenye shina la jino kuelekea katikati, huo hautengenezwi. Usiuchomelee. Ukate vipande ili mtu mwingine asije akauokota na kuufunga.

*Meno ni mengi mno kwa kazi hiyo.* Kwa msumeno wa inchi 10, meno 24 ni ya kupasua, 40 ni ya kazi mchanganyiko, na 60 hadi 80 ni ya kukata mbao kwa kukingama na mbao za plai. Wengi hununua wa meno 80 kwa kuwa mkato wake ni laini, kisha wanaupasulia mkongo wa inchi 2. Nafasi kati ya jino na jino inajaa unga, unga haupati pa kutokea, mbao inaungua. Hapo msumeno hauna kosa.

*Mkono unasita.* Kila unaposimama katikati ya mbao, meno yanasugua palepale. Alama nyeusi zinazotokea hapa na pale, huku kwingine kuko safi, ni za mkono wako. Panga miguu na mahali pa kupokelea mbao kabla ya kuanza, ili usukume kwa mwendo mmoja.

*Fensi imebana kwa nyuma, au msumeno hauko sambamba na meza.* Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo, na ipewe muda.

Anza na msumeno. Chagua jino moja ulitie wino. Lizungushe kwa mkono mpaka liwe mbele, kwenye usawa wa meza. Egemeza skwea kwenye mfereji wa mezani, ule unaopita geji ya kukatia pembe, na usogeze rula mpaka iguse jino hilo. Sasa lizungushe jino lilelile mpaka liwe nyuma, peleka skwea nyuma bila kubadili rula, na uone. Lazima liwe jino lilelile, kwa sababu sahani ikiwa imepinda kidogo, jino jingine litakudanganya. Pima tofauti kwa fila geji. Milimita 0.1 ni nzuri. Kwenye meza ya kuchomelewa ya mtaani, 0.2 inavumilika. Ikizidi hapo, rekebisha.

Kwenye mashine ya kiwandani, legeza bolti tatu kati ya nne zinazoshika mfumo wa shafti chini ya meza, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, pima, kisha kaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Usikaze moja mpaka mwisho kwanza, maana itavuta kila kitu upande wake. Kwenye meza ya kuchomelewa unalegeza nyumba za beringi zinazoshika shafti. Kama matundu ya bolti hayana nafasi ya kusogea, mpelekee fundi mwenye dirili ayapanue yawe marefu kidogo. Usipige shafti kwa nyundo ya chuma.

Ukimaliza msumeno, ndipo uje kwenye fensi. Ipime kutoka mfereji uleule. Nyuma iwe sawa na mbele, au iwe imefunguka kwa milimita 0.1 hadi 0.2. Kamwe isifunge. Fensi iliyofunga nyuma inaibana mbao kati yake na meno yanayopanda juu, na kinachoanza kama weusi kinaishia kwenye mbao kurushwa.

Mkato unakwenda upande, upana wa mwanzo si wa mwisho

Hapa shuku mbao kabla ya mashine. Ukingo unaoegemea fensi ukiwa umepinda, mkato nao utapinda. Hakuna marekebisho ya mashine yatakayoponya hilo. Nyoosha ukingo mmoja kwa randa kwanza.

Kisha mwangalie anayepokea nyuma. Katika karakana nyingi kijana anasimama upande wa pili na kuvuta mbao. Akivuta kwa pembeni hata kidogo, mbao inaachana na fensi. Kazi yake ni kubeba uzito tu; mwendo ni wa anayesukuma. Afadhali meza ya kupokelea yenye kimo kilekile kuliko kijana mwenye nguvu.

Fensi yenyewe: ifunge, kisha isukume nyuma kwa kidole gumba. Ikicheza, kishikio kimelegea au kimelika. Fensi nyingi za bei nafuu zinabana mbele tu. Funga kibano cha ziada nyuma kwa kazi ndefu.

Kama unatumia msumeno wa chuma wenye meno yaliyopindwa huku na huku, kagua mpindo. Meno ya kushoto yakipinda kuliko ya kulia, msumeno utavuta kushoto. Hili hutokea baada ya kunoa kwa haraka. Kila jino lipinde kiasi kilekile, na lipinde nusu ya juu tu. Ukilipinda kuanzia kwenye shina, unatengeneza ufa.

Mwisho kabisa, msumeno uliowahi kupata moto mpaka ukawa na rangi ya bluu umepoteza mkazo wake. Ukiwa baridi unaonekana mnyoofu, ukipata joto unayumba kama karatasi. Uweke kando.

Mkato hauko wima

Chomoa, pandisha msumeno wote, egemeza skwea kwenye ubavu wa sahani kati ya meno mawili. Mwanga ukipita, rekebisha skrubu ya kikomo cha nyuzi 90. Kabla ya hapo safisha sehemu ambayo kikomo kinagusa, maana donge dogo tu la unga uliogandamana linatosha kuinyima mashine nyuzi moja. Usiamini mshale wa kipimo cha mashine; amini skwea.

Inatetemeka au inapiga kelele

Simamisha sarafu ya shilingi 100 kwa ukingo wake juu ya meza mashine ikiwa inazunguka bila kukata. Weka mbali na msumeno. Ikianguka mara moja, mtetemo upo na unastahili kutafutwa.

Utafute kwa kugawanya. Chomoa, toa msumeno, washa: mtetemo ukiisha, kosa ni la msumeno au namna ulivyofungwa. Ukibaki, chomoa tena na utoe mkanda, washa mota peke yake. Ukiisha, kosa liko kwenye mkanda, puli au shafti. Ukibaki hata hapo, ndipo mota inaposhukiwa, na hata hivyo kaza kwanza bolti zake na ukague miguu ya meza kwenye sakafu.

Upande wa msumeno, kosa moja limeenea mno hapa mjini: tundu lisilolingana na shafti. Kuna misumeno yenye tundu la milimita 30, mingine 25.4, mingine takribani 16. Fundi ana shafti ya 25.4, amenunua msumeno wa 30, anaukadiria kwa macho uwe katikati, anakaza nati. Nafasi iliyobaki ni milimita 4.6, kwa hiyo msumeno unaweza kukaa nje ya kitovu kwa milimita 2.3. Meno ya upande mmoja yanakata, ya upande mwingine yanapiga hewa, na beringi zinapigwa nyundo maelfu ya mara kwa dakika. Tumia bushi ya kupunguzia yenye kipimo kamili. Kuzungushia waya, utepe au kipande cha kopo ni kujitafutia ajali.

Angalia pia washa kubwa mbili zinazobana msumeno, yaani flenji. Punje moja ya unga chini ya flenji inaupeleka msumeno pembeni. Futa pande zote kila unapobadili.

Mikanda: iwe na mkazo ambao kidole gumba kinaubonyeza takribani milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za urefu kati ya puli na puli. Nafasi ikiwa milimita 400, ni kama milimita 6. Mkanda unaolia wakati wa kuwasha umelegea au umeng'aa ubavuni. Kama mashine ina mikanda miwili, ibadili yote kwa pamoja. Mpya na wa zamani havigawani kazi. Weka rula ndefu kwenye nyuso za puli mbili kuona kama ziko mstari mmoja.

Beringi: mkanda ukiwa umetolewa, zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza kama ina mchanga, au ikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Namba imepigwa kwenye ubavu wake. Nenda nayo dukani, na uchukue aina iliyofungwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu ya vumbi. Kama huna kivutio cha kutolea beringi, acha mtu mwenye nacho aifanye. Beringi iliyoingizwa kwa nyundo huharibika kabla haijaanza kazi.

Mtetemo una ndugu yake hatari: mwendo uliozidi. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya inchi 6, ikiendesha shafti yenye puli ya inchi 3, inatoa 2,880. Kwa msumeno wa inchi 16 hiyo ni kasi ya takribani mita 60 kwa sekunde kwenye ncha ya jino, na ni kasi ya kazi. Mota hiyo ikiungua ukafunga ya mizunguko 2,850 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, puli zikabaki zilezile, msumeno sasa unazunguka 5,700 na jino linakwenda takribani mita 120 kwa sekunde. Meno ya kabaidi yanaweza kung'oka kama risasi. Soma kikomo cha mizunguko kilichoandikwa kwenye msumeno, fanya hesabu ya puli, na kama hesabu imezidi, usiwashe hata kwa majaribio.

Mbao inarushwa nyuma

Ikitokea mara moja, simamisha kazi. Usiseme "mbao ilikuwa mbaya" ukaendelea na nyingine. Mbao ya kilo mbili inayorushwa na msumeno inavunja mbavu, na mkono uliokuwa umeishika unaweza kuvutwa kwenye meno.

Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna bamba la kutenganisha nyuma ya msumeno. Mbao nyingi, hasa zilizokauka vibaya, zina nguvu zilizofungwa ndani. Zikipasuliwa, pande mbili zinajifunga na kuubana msumeno kwa nyuma, mahali ambapo meno yanapanda juu na kuja kwako. Bamba hilo linazuia mfereji usijifunge. Meza nyingi za kuchomelewa hazikuwahi kuwa nalo, na kwenye za kiwandani lilitolewa siku ya kwanza likawekwa kabatini. Lirudishe. Kama halikuwepo, fundi chuma wa eneo la Gerezani analitengeneza kwa muda mfupi ukimpa vipimo: liwe nene kuliko mwili wa sahani na jembamba kuliko mkato. Msumeno wenye mwili wa milimita 2.2 na mkato wa 3.2 unataka bamba la 2.5. Likae mstari mmoja na msumeno, lifuate duara lake, na lisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8.

Sababu ya pili ni fensi iliyofunga nyuma, ambayo tumeshaieleza. Ya tatu ni kupasua bila fensi, kwa mkono mtupu kufuata mstari wa penseli: mbao ikigeuka nyuzi mbili tu, msumeno unaikamata. Ya nne ni kutumia fensi na geji ya pembe kwa wakati mmoja unapokata vipande vifupi. Kipande kilichokatwa kinabaki kati ya fensi na msumeno, hakina pa kwenda, kinaruka. Funga kipande cha mbao kwenye fensi upande wa mbele, kiishie kabla ya msumeno, ndicho kiwe kikomo. Kipande kikikatika kinabaki na nafasi.

Kimo cha msumeno: uzidi unene wa mbao kwa urefu wa jino, kama milimita 5 hadi 10. Simama pembeni mwa mstari wa mkato, si nyuma yake. Kipande kinachopita kati ya fensi na msumeno kikiwa chembamba kuliko sentimita 15, tumia kijiti cha kusukumia. Mbao ikianza kujifunga katikati ya kazi, zima ukiwa umeishikilia palepale, subiri msumeno usimame kabisa, ndipo upige kabari kwenye mfereji. Usiirudishe nyuma msumeno ukizunguka.

Jino likimfikia mtu: bana jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndio uwekwe juu ya barafu, kisha mgonjwa na kidole vifike hospitali pamoja. Barafu isiguse nyama.

Mota inanguruma lakini haizunguki

Zima ndani ya sekunde chache; mota iliyosimama huku umeme unaingia inaungua haraka. Usiusaidie msumeno kwa mkono wala kwa kijiti.

Chomoa, toa mkanda, zungusha mota kwa mkono. Ikiwa ngumu, tatizo ni beringi au kitu kimenasa. Ikiwa nyepesi, endelea.

Mota ya fezi moja: sababu ya kwanza ni kapasita, kile kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme. Iliyovimba, iliyovuja au yenye harufu imekufa. Inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo chaji hiyo iondolewe kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 100 yenye waya ndani, si kwa bisibisi. Inayobaki kazini muda wote ibadilishwe kwa namba ileile ya mikrofaradi, na volti zisipungue zilizoandikwa. Hapa kubwa si bora. Sababu ya pili ni swichi ya ndani inayotoa kapasita ya kuanzia mota ikishika kasi. Unga ukiijaza, haigusi. Kama hujawahi kufungua mota, au huna uhakika wa kuondoa chaji ya kapasita, simama hapa umwite fundi umeme.

Mota ya fezi tatu: fezi moja imekosekana. Fyuzi imekatika, kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) imeungua mguu mmoja, au laini ya nje ina shida. Fundi apime kati ya fezi na fezi. Zinatakiwa kukaribiana, takribani volti 400. Usiendelee kujaribu kuwasha.

Na kama baada ya matengenezo ya umeme msumeno unazunguka kinyume, yaani meno ya mbele yanapanda badala ya kushuka mezani, zima mara moja. Nati inaweza kujifungua ikizunguka. Fezi mbili zimebadilishana nafasi. Fundi umeme atazigeuza kwa dakika chache.

Inawaka, lakini ikigusa mbao inapungua nguvu au inakata sakiti breka

Kwanza msumeno butu. Rudi juu. Pili mkanda unaoteleza. Tatu, na hapa ndipo mota nyingi nzima zinapohukumiwa kwa kosa lisilo lao, ni waya.

Mota ya fezi moja ya hosipawa 3 inakula takribani ampea 15 ikiwa kazini, na inapoanza inaweza kudai 80. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 unapoteza volti 11 mota ikiwa kazini, na karibu 58 inapoanza. Kwa hiyo kwenye 230, mota inapata 172 wakati ule ule inapohitaji nguvu zaidi. Ukiweka waya wa 2.5, upotevu wa kuanzia unashuka hadi 36. Wa 4, hadi 22 hivi. Ukaguzi wake ni rahisi: gusa waya baada ya dakika kumi za kazi. Ukiwa wa moto, ni mwembamba. Ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, ufungue wote, maana joto linajikusanya na plastiki inayeyuka.

Fundi apime volti kwenye mashine wakati inapasua. Zikiwa chini ya 207 hata kwa waya mzuri na mfupi, shida iko kwenye laini, na hiyo ni ya kuripoti TANESCO. Jioni, majirani wakiwasha viyoyozi, hali huwa mbaya zaidi. Panga upasuaji mzito asubuhi.

Usibadili sakiti breka ya 16 kwa ya 32 ili "isisumbue", wala usizibe fyuzi kwa waya. Breka inalinda waya ulio ukutani. Karakana imejaa unga wa mbao, na moto wake unaanzia ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani.

Mashine ndogo za kubebeka zina brashi za kaboni. Cheche nyingi na nguvu inayokuja na kupotea ni dalili yake. Zikiwa fupi kuliko milimita 6, badilisha zote mbili.

Haiwaki kabisa

Angalia LUKU, breka, plagi, kisha kitufe cha joto kwenye mota: kikiwa kimeruka, subiri mota ipoe ndipo ukibonyeze. Baada ya hapo swichi, ambayo ikijaa unga haigusi. Ukiibadilisha, nunua ya aina inayojiachia umeme ukikatika, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, ili umeme ukirudi mashine isijiwashe yenyewe. Kama mashine yako inajiwasha umeme ukirudi, badili swichi hiyo hata kama haijaharibika.

Meza inapiga shoti

Hakuna ukaguzi wa kufanya mwenyewe. Zima kwenye meni swichi bila kugusa meza, weka alama mtu asiwashe, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ethi na mota. Mtu anayesema "ni kidogo tu, vaa ndala" anacheza na uhai wa wenzake.

Gurudumu la kupandisha msumeno ni gumu, meza ina kutu

Unga na utomvu vimejaa kwenye meno ya gia. Piga brashi, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, kisha sugua nta ya mshumaa. Usipake grisi mahali palipo wazi, kwa kuwa inakusanya unga na kuwa saruji. Kwa meza, hewa ya bahari na unyevu wa masika vinaleta kutu kwa usiku mmoja: sugua kwa msasa namba 220, futa, paka nta kila baada ya wiki chache. Epuka dawa zenye silikoni, maana vanishi haishiki kwenye mbao iliyoguswa nayo.

Ukilazimika kuipeleka mota

Piga picha bamba la maelezo kabla ya kuifungua: kilowati, volti, ampea, mizunguko, mikrofaradi. Piga picha na nyaya zilivyoungwa. Mwambie fundi wa kuwaindi kwa maneno wazi kwamba mizunguko ibaki ileile. Ikirudi, iwashe kwanza bila mkanda kwa dakika kumi na uiguse. Kisha pima mizunguko ya shafti kabla ya kufunga msumeno.